Sahihi Chini ya Chombo cha Rune

Sisi wakusanyaji wa vioo tuna tabia moja iliyowashinda wake zetu kuitibu: tukishika chombo, cha nani na kina nini ndani si hoja, tunakipindua kwanza. Mimi nilipindua bakuli la kachumbari kwenye harusi ya mpwa wangu, na kachumbari ilikuwa bado imo. Mke wangu alikuwa hai wakati huo. Aliniambia mbele ya wakwe kwamba nikifa atanizika kifudifudi, ili Mungu aone kama na mimi nina sahihi chini.

Sahihi ndiyo tunayoitafuta. Kioo cha mkoa wetu huu wa Småland kilichotengenezwa miaka ya hamsini na sitini kina jina la mchoraji wake, limekwaruzwa chini kwa kalamu ya ncha ya almasi, pamoja na namba. Bila jina, chombo ni cha kuwekea maua. Kikiwa na jina kinafungiwa kabatini na kuwashiwa taa, na maua hayakigusi tena.

Naitwa Börje Hallqvist. Kwa miaka thelathini na minne nilipeleka barua vijiji vyote vinavyozunguka Ulvamåla, hata baada ya kiwanda cha kioo cha pale kufungwa na wapulizaji, wanaoumba kioo cha moto kwa pumzi, kubaki wakingoja bahasha za pensheni. Ndivyo nilivyoanza kukusanya: nyumba hii wananipa kahawa, ile wananipa bakuli lenye ufa. Baadaye nikaacha kupokea ovyo. Nikawa nakusanya kazi za mtu mmoja tu, Sixten Ekenstam, aliyekuwa mchoraji mkuu wa kiwanda kwa zaidi ya miaka ishirini na akafa bila kuacha mtoto. Nina vyombo vyake sitini na tatu katika nyumba ya vyumba vitatu. Wageni wanakaa jikoni.

Niliandika pia kijitabu. Kina kurasa ishirini na nane, na kinafundisha jinsi ya kuitambua sahihi ya Ekenstam, maana bei zilipopanda walizuka watu wa kununua chombo kisicho na jina asubuhi na kukiuza jioni kikiwa nalo. Nilipima sahihi mia moja na arobaini kwa rula na lenzi. Zote zilikuwa na ile k ambayo mguu wake unateleza chini ya herufi zinazofuata, kama mtu anayenyoosha mguu wake chini ya meza hadi kwa mwenzake. Isiyo na mguu huo si ya Ekenstam. Niliandika hivyo hivyo, ukurasa wa tisa, na wakaguzi wa minada hadi Stockholm walikuwa wanatembea na kijitabu changu mfukoni. Nilikuwa najivuna, sifichi.

Chama chetu cha wakusanyaji kilikuwa kinakutana kila Oktoba katika ukumbi wa kanisa. Mwaka 1994 tulikuwa tunaandaa maonyesho ya kazi za Ekenstam kwa ajili ya kiangazi kilichofuata, tukatangaza kwamba mwenye chombo chake akilete kikaguliwe. Mkaguzi nilikuwa mimi, katibu. Mwenyekiti wetu Lennart, daktari wa meno mstaafu, kazi yake ilikuwa kugonga kijiko kwenye kikombe na kula maandazi mengi ya mdalasini kuliko sisi wote.

Gunnel Rosander alikuja wa mwisho. Alikuwa na miaka sabini na minane, mjane wa Rune Rosander, fundi mkuu wa kupuliza pale Ulvamåla. Kila alichokichora Ekenstam kwenye karatasi, Rune ndiye aliyekivuta tanurini na kukipa pumzi. Rune alikuwa amekufa miaka kumi na mitano kabla ya hapo. Gunnel alikileta chombo chake ndani ya kapu la kuokotea uyoga, kimeviringishwa kwenye taulo.

"Siuzi," alisema kabla hajaulizwa. "Nataka mkiweke kwenye maonyesho, na kwenye kikaratasi mwandike jina la Rune. Kwamba Ekenstam alimpa kwa mkono wake siku Rune alipotimiza miaka hamsini."

"Alimpa Rune au alikupa wewe?" Lennart akauliza, mdomo umejaa.

"Mimi angenipa kwa lipi, Lennart? Kwa kuchemsha viazi?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na bruchi kifuani. Nilimwona anaviangalia vyombo vilivyokwisha kukubaliwa juu ya meza ndefu, na alikuwa ameshachagua kwa macho pa kukiweka chake.

Nikafungua taulo. Kilikuwa chombo cha maua cha urefu wa kiganja mpaka kiwiko, bluu ya moshi, na ndani ya kioo chenyewe kulikuwa na viputo vya hewa vilivyopangwa kama wavu. Hewa ya namna ile haikai mstari kwa bahati. Kilikuwa kizuri kuliko nusu ya vyangu, na nilisema hivyo mbele ya watu. Kisha nikakipindua.

S. Ekenstam, 1961. Herufi zilikuwa zinagombana, hii juu, ile chini, na ya mwisho ilikosa nafasi ikabanana na ukingo. K ilisimama wima kama askari. Haikuwa na mguu wa kunyoosha popote.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu ukumbini alilijua. Pale kiwandani wapulizaji waliruhusiwa, wakati wa mapumziko ya mchana, kutumia kioo kilichobaki ndani ya chungu cha kuyeyushia kujitengenezea vitu vya nyumbani: farasi wa mtoto, sahani ya mke. Vitu hivyo havikuwa na jina, na havikutakiwa kuwa nalo. Kuandika jina la mchoraji kwenye kazi ya mapumziko ulikuwa wizi, na fundi aliyefanya hivyo hakutazamwa tena usoni. Kwa hiyo nilipoinua lenzi na kukaa kimya, kimya chenyewe kilikwisha kusema.

"Una barua yoyote?" nikamuuliza. "Cheti, picha ya siku hiyo?"

"Rune aliniambia."

"Ndiyo, lakini kitu cha maandishi."

"Börje, wewe ulitufahamu. Rune akisema kitu, kimeandikwa."

Niliweka chombo chini taratibu. Nakumbuka nilikuwa mpole sana, na upole huo ndio unaonikera leo. "Hii ni kazi ya fundi hodari," nikasema. "Lakini sahihi imeandikwa na mkono mwingine."

"Mkono wa nani?"

Lennart akajibu kwa niaba yangu, kwa utani, kama anavyofanya akiona watu wamenuna. "Rune alikuwa na mwandiko mbaya tangu shule, nilikaa naye dawati moja."

Walicheka kile kicheko ambacho watu wanacheka huku wakiangalia viatu vyao. Gunnel alisubiri kiishe.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Nina uhakika."

"Wa kuapa?"

"Ukurasa wa tisa," nikasema.

Alikiviringisha chombo kwenye taulo, akakirudisha kwenye kapu, akatoka. Hakunywa kahawa, na huku kwetu mtu asiyemaliza kahawa yake amekutukana. Baadaye nilisikia ameacha kuja kwenye kwaya. Nilisikia pia kwamba pale dukani watu walikuwa wanazungumza habari za Rune kwa sauti ya chini, wanaongeza vyombo: kutoka kimoja vikawa vitatu, kutoka vitatu vikawa kabati zima. Mimi nililala usingizi wangu. Nilikuwa nimefanya kazi yangu.

Wiki ya Pasaka kanisa lina soko lake dogo la vitu vya nyumbani: soksi za sufu, keki, jamu. Alhamisi Kuu nilipita pale na kusimama kwenye meza ya Solveig, mwanamke wa miaka sitini na miwili niliyempelekea barua miaka ishirini. Nilijua kwamba alifanya kazi kiwandani zamani, kwenye kufungasha, au ndivyo nilivyodhani. Alikuwa anauza jamu ya cheri. Nikachukua chupa moja, na kwa mazoea nikaipindua.

Lebo ilikuwa imebandikwa chini. Chupa zote zilikuwa hivyo. Na jina la tunda, ambalo kwa lugha yetu linaanza na k, lilikuwa na mguu ulioteleza chini ya herufi zote hadi mwisho wa neno.

"Solveig, nani kaandika hizi?"

"Paka. Mimi, nani mwingine?"

"Mbona lebo ziko chini?"

"Mazoea, bwana. Binti yangu ananisema kila mwaka. Miaka ishirini na tatu nimeandika chini ya vitu, mkono haujui pengine pa kwenda."

"Uliandika nini chini ya vitu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. "Majina. Ya Ekenstam na wengine waliokuja na kwenda, na namba zake. Nilikuwa na meza yangu karibu na dirisha. Katibu mzima, umeandika kitabu, hukujua?"

"Ekenstam hakuwa anatia sahihi mwenyewe?"

"Ekenstam alikuja mara mbili kwa mwaka na treni. Siku nne anachora, anakula, anapiga soga na Rune, anaondoka. Vyombo vinatoka mia kwa wiki. Angeviandika kwa simu?"

"Kwa nini hukuniambia? Miaka ishirini nakuletea barua."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unauliza kama mbwa amefungwa."

Akafunga chupa ya mteja mwingine, akampa chenji, akarudi kwangu. Nilikuwa bado nimeshika chupa kichwa chini.

"Nilikisoma kitabu chako," akasema. "Dada yangu alinipa Krismasi. Pale uliposema ule mguu wa k unaonyesha msanii mwenye kiburi, asiyependa kubanwa, nilicheka hadi nikashika meza. K ile nilifundishwa darasa la pili na Bibi Ottosson, na alikuwa anatupiga rula za vidole tusipoivuta."

"Kwa hiyo Ekenstam hakuwahi kuandika jina lake kwenye kioo hata mara moja."

"Mara moja niliona. Rune alikuwa anatimiza hamsini. Ekenstam akaja mezani kwangu na chombo cha bluu, akasema inuka binti, nipe kalamu. Nikamwambia niachie mimi, utakiharibu. Akasema hapana, hiki ni cha Rune, nitaandika mwenyewe. Akakaa kwenye kiti changu, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, akaandika vibaya, bwana, vibaya, mpaka herufi ya mwisho ikakosa pa kukaa. Akakisifia hicho chombo siku nzima. Kwani Gunnel hajawahi kukuonyesha?"

"Hukuja kwenye mkutano wa Oktoba."

"Siendi huko mimi. Mnanunua mwandiko wangu kwa bei ya gari, halafu jamu yangu mnaomba mpunguziwe."

Nililipa bei kamili. Nikaendesha gari kwenda kwa Gunnel bila kupitia nyumbani, na njiani nilikuwa napanga maneno. Nitasema habari njema, nikajiambia. Chombo cha bluu si bandia. Zaidi ya hapo, ni kimoja tu duniani chenye mwandiko wa Ekenstam mwenyewe, na vile sitini na tatu vya kwangu, ukivipanga vyote, mbele yake ni mwandiko mzuri wa Solveig. Nilikuwa nimeshakiona katikati ya ukumbi wa maonyesho, peke yake, chini ya taa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kijitabu cha pili kichwani.

Gunnel alifungua mlango akiwa na aproni. Hakushangaa wala hakutabasamu. "Ingia, usisimame kwenye baridi," akasema, na kwa kuwa ni mtu wa hapa, akaweka kahawa hata kwa mtu kama mimi.

Chombo kilikuwa juu ya meza ya jikoni. Alikuwa amekitia maji na matawi ya mbetula yaliyofungiwa manyoya ya rangi, kama tunavyoweka kila nyumba wakati wa Pasaka. Nilikuwa sijawahi kukiona kinatumika. Ukutani juu ya redio palikuwa na mraba mweupe kuliko ukuta wote, mahali palipokuwa na picha ya Rune akiwa na bomba lake la kupulizia.

"Naomba nikitazame tena," nikasema.

"Toa matawi kwanza, usinimwagie maji mezani."

Niliyatoa matawi, nikamwaga maji kwenye sinki, nikakipindua. Chini palikuwa safi. Palikuwa laini, pamesuguliwa na kung'arishwa mpaka kidole changu kikateleza. Nikakipeleka dirishani. Nikatoa lenzi. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kjell amekisaga," Gunnel akasema nyuma yangu. "Yule aliyekuwa kwenye magurudumu ya kusaga kiwandani, bado ana moja bandani kwake. Nusu saa tu. Hakutaka hela, alikula keki."

"Lini?"

"Novemba. Nilifikiri, kama Rune aliiba jina la mtu, basi jina litoke. Kikibaki bila jina ni kazi ya mapumziko kama nyingine, na kazi ya mapumziko si wizi. Sasa hakuna wa kumsema."

Nitasema ukweli, kwa sababu sina sababu ya kujipamba. Uchungu wa kwanza nilioupata ulikuwa wa kioo. Herufi tisa za mkono wa Ekenstam, pekee zilizokuwepo, zimeoshwa na maji ya gurudumu kwenye banda la Kjell, na mimi ndiye niliyezituma huko. Nilisimama dirishani na chombo mikononi nikiomboleza mikwaruzo. Ilichukua muda, nadhani dakika nzima, kabla sijakumbuka kuna mtu nyuma yangu. Naona haya hata kuandika.

Nikakaa. Nikamweleza yote: meza ya Solveig, lebo za jamu, Bibi Ottosson na rula yake, Ekenstam kwenye kiti na ulimi nje. Nilimweleza polepole, maana nilitaka aelewe na nilitaka pia yachelewe kuisha. Yeye alikuwa amekaa, mikono juu ya aproni, anaangalia ule mraba mweupe ukutani.

"Kwa hiyo Rune hakudanganya," akasema.

"Hakudanganya."

"Na wewe ulisema una uhakika."

"Nilisema."

"Uhakika wa kuapa."

"Ndiyo, Gunnel."

Nilitamani angepiga kelele, au angenitupia kikombe. Alinyanyuka, akaenda kwenye droo, akatoa picha, akaitundika. Ilikaa upande. Akainyoosha kwa kidole.

"Unajua nilifanya nini?" akasema, bado amenipa kisogo. "Miaka yote ile tuliyoishi, hakuwahi kunidanganya hata kwa bei ya samaki. Halafu mkawa mnacheka pale ukumbini, na mimi nikaanza kuhesabu. Kama alinidanganya kwa hili, na akaniangalia usoni, basi na lile je? Na siku ile aliyosema amechelewa kiwandani? Mimi mwanamke wa miaka sabini na minane, Börje, nimekaa hapa kipindi chote cha baridi namwonea wivu maiti."

Akageuka kutoka ukutani.

"Nilikwenda kaburini nikamwita mwongo. Kisha Februari nikaandika barua ofisi ya kanisa. Lile jiwe lake lina nusu tupu, ni yangu, tulilinunua pamoja. Nikawaandikia siitaki. Nikasema wanizike kwa baba na mama yangu kule Långasjö."

"Wamejibu?"

"Wamejibu. Wamesema imeandikishwa."

Akachukua simu iliyokuwa juu ya friji, akavaa miwani, akazungusha namba. Nilisikia sauti ya mashine ikiongea upande wa pili: ofisi imefungwa kwa Pasaka, itafunguliwa Jumanne saa tatu. Akaisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama vile kuna mtu. Akarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Basi nisife kabla ya Jumanne," akasema.

Nilimwambia nitakuwa mlangoni kwake Jumanne saa mbili na nusu na gari. Akasema sawa. Kisha akavua aproni, akavaa koti na kofia, akasimama karibu na mlango akinisubiri, na nikaelewa kwamba Jumanne ni ya ofisi na leo kuna safari nyingine.

Makaburini palikuwa na watu wengi. Kila nyumba hutuma mtu kabla ya Pasaka kusafisha majani ya vuli na kupanda maua ya njano kwenye vikopo. Reki zilikuwa zinakwaruza changarawe kila upande. Lennart alikuwa kwa mama yake, na ndoo na brashi, akatuinulia mkono. Gunnel hakumwinulia.

Jiwe la Rune ni la granaiti ya kijivu. Kushoto kuna jina lake, na neno fundi. Kulia hakuna kitu. Gunnel alisimama pale, mkoba umening'inia mkononi.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Ulichoniambia mimi. Mimi nimeshasema yangu hapa, na yalikuwa mabaya. Sasa sema wewe."

Mimi si mtu wa kuongea na mawe. Mke wangu yuko safu mbili kutoka pale, na kwa miaka saba namletea maua bila kusema neno. Lakini nilivua kofia. Nikasema, kwa sauti ya katibu anayesoma kumbukumbu za mkutano, kwamba sahihi ile ilikuwa ya Ekenstam na kwamba nilikosea.

"Hajasikia," Gunnel akasema.

"Gunnel, tafadhali."

"Tanuri lilimla masikio yote mawili kabla hajafika arobaini. Wewe ulikuwa unamletea barua za rejista. Ulikuwa unagonga mlango kwa kidole?"

Nilikuwa naupiga teke. Kila mpeleka barua aliyepita njia ile aliupiga teke mlango wa Rune, na Rune alikuwa anafungua huku anacheka. Nikavuta pumzi.

"Rune Rosander," nikapaza sauti. "Ekenstam alikupa kile chombo kwa mkono wake. Jina aliliandika yeye. Hukumwibia mtu, na hukumdanganya mkeo. Mimi ndiye niliyekosea."

Reki zilinyamaza. Lennart alikuwa amesimama na brashi hewani, maji yanamchirizika kwenye mkono wa koti. Watu ambao Oktoba walikuwa wamekaa ukumbini na vikombe mapajani, sasa walikuwa kati ya mawe, wanatuangalia. Gunnel hakuwatazama. Alikuwa ametoa leso na anafuta ile nusu tupu ya jiwe, polepole, ingawa haikuwa na uchafu.

"Tena," akasema.

Nikawageukia wenye reki, nikasema tena.